Mwalimu Aliyelikwepa Jua

Mwaka wake wa kwanza Rahaleo, mjini Mtwara, nusu ya mtaa iliamini amesilimu. Alivaa mikono mirefu hadi kwenye vifundo vya mikono, sketi ya kuburuza, kitambaa kilichofunika nywele na shingo, na glovu nyeusi mchana kweupe. Juu ya yote hayo alishika mwavuli hata mwezi wa kiangazi, mawingu hayapo. Akina mama wa Kiislamu wakipishana naye njiani walimtolea salamu, "Asalaam aleikum," naye akaitikia vizuri kabisa, "Waaleikum salaam," akapita zake. Jumapili ilipofika akaonekana anaingia kanisani na mavazi yale yale. Wenzake wa kanisani hawakupenda anavyojifunika, wakamwona anaiga. Sisi wa upande wa pili tukaona ametuchezea kwa kuitikia salamu zetu. Akawa hana kwao pande zote mbili, na kisa ni nguo tu.

Jina lake sitalitaja. Alikuwa mtu wa kujificha, na sioni sababu ya kumtoa nje leo. Wanafunzi walimwita Madam Baiolojia, na nusu ya walimu pia. Mimi nilifundisha Kiswahili shule ileile, na mlango wangu ulitazamana na wake, katikati yetu barabara ya mchanga. Yeye aliniita Mama Zuhura, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza.

Alikuwa Mhaya, ameletwa Mtwara na barua ya ajira kama walimu wengi wa kuja. Alikuja na mume, mfanyakazi wa bandarini, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Mume akahamishiwa Tanga, akaaga kwamba atangulie kutafuta nyumba, mkewe atafuata. Miaka ikapita. Mtu akimuuliza habari za shemeji, Madam alijibu bila kubadili uso, "Bado anatafuta nyumba." Ukicheka alikutazama. Usipocheka alikutazama vilevile. Hatimaye watu wakaacha kuuliza, na nadhani ndicho alichokitaka.

Maisha yake aliyapanga kwa jua. Sokoni alikwenda alfajiri, wauza samaki wakiwa ndiyo kwanza wanamwaga maji kwenye meza zao, na kabla jua halijapanda juu ya mapaa alikuwa amerudi na kufunga mlango. Shuleni alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho. Mapazia yake hayakufunguliwa mchana. Baada ya magharibi ndipo ungemsikia anafagia uwanja, anaanika nguo, anafanya yale ambayo sisi tulikuwa tumeyamaliza asubuhi. Nguo zake zilikauka kwa upepo wa usiku. Watoto wa mtaani walisema mtu anayeanika nguo usiku si mtu mzuri, nami niliwakemea.

Tena hakupeana mkono na mtu. Kwetu huku, mtu akikunyima mkono amekutukana. Yeye alikuwa na njia yake: daima alibeba kitu kwa mikono yote miwili. Madaftari ya wanafunzi, beseni, kapu la mboga, hata tofali moja niliwahi kumwona nalo akitoka kwenye mkutano wa mtaa. Aliyenyoosha mkono aliona mwenyewe kwamba hauna pa kupokelewa. "Nisalimie kwa macho, Mama Zuhura," aliniambia siku za mwanzo. "Macho hayaumi." Nikadhani ni majivuno.

Halafu kulikuwa na uso. Baadhi ya miezi uso wake ulikuwa kama wa mtu yeyote, mweusi, laini, wenye mashavu membamba. Miezi mingine ulitokea wekundu kwenye mashavu yote mawili na juu ya pua, umeungana, kama aliyepakwa kitu kwa makusudi. Mtaa ulikuwa na maelezo yake: mkorogo. Tumeona wanawake wengi walioharibiwa na krimu za kujichubua, wakaishia kulikimbia jua kama yeye. Ikaelezeka kila kitu, mwavuli, glovu, mapazia. Hata kuondoka kwa mume kukaelezeka. Nami niliamini, tena kwa muda mrefu.

Kilichotukutanisha ni maneno. Baiolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lakini alikuwa na watoto kutoka Nanguruwe na Kitaya ambao Kiswahili chenyewe walijifunzia shuleni, nyumbani wanasema Kimakonde. Kiingereza kilipowazamisha, Madam alifunga mlango wa darasa na kuanza upya kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba maneno aliyoyataka hayakuwepo, au yalikuwepo nusu nusu. Akawa ananijia kwenye chumba cha walimu wakati wa chai.

"Mama Zuhura, nipe neno. Mtu amechomwa na mwiba. Kidole kinakuwa chekundu, kinavimba, kinapata moto, kinauma. Yote kwa pamoja. Tunaitaje?"

"Uvimbe."

"Uvimbe ni hata ule wa saratani. Sitaki uvimbe peke yake."

"Harara?"

"Mawe!" Kihaya kikamtoka. "Harara si vipele vya joto?"

Tuliendelea hivyo muhula mzima. Neno hilo hatukulipata, yeye akaendelea kusema inflamesheni, watoto wakamfuata. Lakini nilimpa moja alilolipenda. Alinieleza kwamba kati ya chembe nyeupe za damu zimo seli ambazo kazi yake si kupigana. Kazi yake ni kuwatuliza wanaopigana. Zikimkaribia mwenzao aliyepandisha hasira, zinamwaga kemikali za kumpoza, na nyingine zinamnyang'anya vichocheo vinavyomtia nguvu. Nikamwambia, "Basi hizo ni seli tulizi." Akalirudia neno lile kimya kimya, midomo tu ikicheza. Kesho yake alinialika nikae nyuma ya darasa lake nisikie linavyotumika.

Siku ile ndiyo nilimwona yeye ni nani. Nje ya darasa alikuwa mtu wa kukata maneno. Mbele ya ubao alikuwa mwingine, anatembea, anaruka, anapiga meza na kipande cha chaki. Ulikuwa msimu wa korosho, na msichana mmoja, Somoe, alikuja na mdomo uliobabuka.

"Somoe, simama. Mdomo umefanya nini?"

"Korosho, madam."

"Umebangua kwa meno?"

"Shangazi ndiye alisema tubangue upesi, madam." Darasa likacheka. Mafuta ya ganda la korosho kila mtoto wa huku ameyaonja kwenye ngozi.

"Juzi mdomo ulikuwaje?"

"Umevimba, unawaka, unatoa maji."

"Na leo?"

"Umepungua."

"Nani ameuambia upungue?"

Mvulana mmoja akajaribu, "Dawa, madam?"

"Sikupaka kitu," akasema Somoe.

Madam akatabasamu mpaka nikashangaa. Akawaambia kwamba kila mtu huuliza inflamesheni inaanzaje, na kuanza ni rahisi. Akachora seli kubwa ubaoni. Ndani yake, nje ya kiini, akachora protini moja, na protini nyingine imeishika. Ile iliyoshikwa, akasema, ina uwezo wa kuingia kwenye kiini na kuamsha jeni za hatari. Siku zote imo ndani ya seli, tayari, lakini imeshikwa isiende. Mafuta ya korosho yakichoma ngozi, au bakteria akiingia, vipokezi kwenye utando wa seli vinashtuka. Ujumbe unapita ndani kutoka kemikali moja hadi nyingine, mpaka yule mshikaji anavunjwavunjwa. Iliyoshikwa inaachiwa, inaingia kwenye kiini, jeni zinaamka. Seli inaanza kumwaga saitokini, yaani kemikali za kuitana. Mishipa inalegea, maji yanavuja, chembe nyeupe zinamiminika. Mdomo wa Somoe unavimba.

"Sasa nisikilizeni," akasema, akashusha sauti. "Miongoni mwa jeni zinazoamshwa saa ileile, imo moja ya kutengeneza mshikaji mpya. Mnaelewa? Amri ya kuanza, ndani yake imo na amri ya kuacha. Mshikaji mpya anazaliwa, anaingia kwenye kiini, anaikamata ile protini, anaitoa nje. Zile chembe nyeupe zilizokuja kupigana zinakufa, na walaji, yaani seli zinazozoa maiti, wakishazila, wenyewe wanabadilika, wanaacha kumwaga kemikali za ugomvi na kuanza za kuponya. Na juu ya wote zimo seli tulizi, jina hili ametupa Mwalimu wa Kiswahili yule pale nyuma."

Watoto wakageuka kunitazama.

"Mwili mzima si ule unaojua kuwaka," akasema. "Ni ule unaojua kuacha."

Aligeuka kufuta ubao, akachelewa kidogo kugeuka tena. Nilidhani ni vumbi la chaki.

Ukweli wake niliujua kupitia ziara ya kwenye mikoko. Shule ilipeleka wanafunzi wa kidato cha tano kule Mto Ruvuma unakoingilia baharini, nami nikiwa mmoja wa wasimamizi. Madam hakutaka kwenda. Makamu mkuu wa shule, mtu wa amri, akamwambia mwalimu wa somo asipokwenda ziara haina maana. Akapanda gari na mwavuli wake, akakaa upande wa kivuli.

Tulipoipita Msimbati gari likazama kwenye mchanga. Tulisukuma, halikutoka. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Makamu akasema wote washuke, watembee, mikoko haiko mbali. Tulitembea kwenye mchanga mweupe unaorudisha mwanga usoni, na upepo wa bahari ulipokuja ulipindua mwavuli wa Madam, ukavunja mbavu zake. Aliutazama, akaukunja, akaendelea kuubeba hivyo hivyo, kwa mikono yote miwili.

Kwenye mikoko alifundisha kama kawaida. Aliwaambia watoto wachume jani la mchu walirambe, wajionee mti unavyoitoa chumvi kupitia majani. Walicheka, walirambana mikono, walipiga picha. Nilimwona amesimama kwenye tope, uso wote nje, anajibu maswali moja baada ya jingine. Hakulalamika. Wakati wa kurudi nilimsogelea nikamwambia, "Madam, jifunike na mtandio wangu." Akaupokea. Hiyo nayo ilikuwa ajabu, maana hakuwa mtu wa kupokea kitu.

Baada ya hapo hakuonekana. Kitasa hakikugeuka alfajiri, ufagio haukusikika magharibi. Makamu alinung'unika kwenye chumba cha walimu, "Ziara ya siku moja, mapumziko ya mwezi." Nikapika uji wa mtama, nikavuka barabara, nikabisha hodi mpaka akafungua mlango nusu. Uso ulikuwa umewaka wote, midomo ina vidonda, vidole vimenenepa kwenye maungio hadi hakuweza kukizungusha kitasa vizuri. Alikuwa amekibana kwa viganja viwili.

Mimi si mtu wa kuzunguka maneno. Nikamuuliza, "Dada, ni mkorogo?"

Akacheka. Kicheko kilimuumiza midomo, akaishika, akaendelea kucheka. "Ingekuwa mkorogo, Mama Zuhura, ningeacha," akasema. "Pita ndani."

Ndani kulikuwa na giza la mapazia na harufu ya dawa ya kuchua. Akaniambia ana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili. Alikuwa nayo tangu chuoni. Nilipomuuliza jua limemkosea nini, alinieleza palepale, kitandani, kama niko darasani.

"Jua linaua seli za ngozi za kila mtu, hata zako leo. Zinakufa kimya, walaji wanazizoa, hakuna anayejua. Kwangu maiti hazizolewi upesi. Zinapasuka. Vinasaba vyangu mwenyewe vinamwagika nje, mahali pasipo pake. Mwili ukivikuta huko unadhani ni virusi. Unatengeneza kingamwili za kuvikamata, saitokini zinaitana, na safari hii zinaitana kila mahali, kwenye maungio, kwenye figo, kwenye damu."

"Na seli tulizi?"

"Zangu hazitoshi. Au zinatosha ila hazisikilizwi. Wanasayansi bado wanabishana."

"Kwa hiyo mwili wako unakupiga vita."

"Hapana." Akanikata haraka, kama nimemtukana mtu wake. "Watu wanapenda kusema hivyo. Haunipigi vita. Unahangaika kunilinda, kutwa kucha. Ila hakuna wa kuuambia basi."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia makamu kwamba yeye hashuki garini.

"Ningesema nini? Kwamba mimi nimeshindwa na jua? Mtwara hii? Kila mtu anatembea juani. Ukisema jua linakuumiza wanadhani unaringa, ukisema unaumwa wanadhani ule ugonjwa mwingine. Nimechagua mkorogo. Mkorogo wanausema mara moja wanachoka."

Basi alikuwa anaujua uvumi wetu siku zote.

Tangu hapo nilivuka barabara mara nyingi, na kuna jioni tulizokaa pamoja, lakini sitadanganya kwamba tulikuwa kama chanda na pete. Alikuwa mgumu. Ukichelewa kuondoka alianza kukusanya vikombe huku bado unakunywa. Ukikaa siku kadhaa hujaenda, alinuna. Aliwafokea watoto wangu kwa kupiga mpira ukutani kwake, kisha akawapitishia korosho za kukaanga dirishani bila kusema neno. Ndizi za huku hazikuwa ndizi, alisema, zilikuwa mboga nyingine inayofanana na ndizi. Ila ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo hata baadhi yetu tunaviona chakula cha shida, alivipenda mno, akawa anavimenya taratibu na vidole vyake vya maumivu, hataki asaidiwe.

Ilikuwa katika kumenya huko ndipo aliponiambia kwamba aliwahi kushika mimba, zaidi ya mara moja, na hazikukaa. "Ni kwa ugonjwa huohuo," akasema. "Damu inaganda kwenye kondo la nyuma." Halafu akauliza kama muhogo umepanda bei. Nikajibu umepanda. Tukazungumza muhogo.

Darasani hakuvumilia uongo hata mdogo. Mwanafunzi akiandika "moyo ndio unaofikiri" alimfutia alama zote za ukurasa. Lakini kwa mama yake, Bukoba, alidanganya kila wiki. Nilimsikia kwenye simu, Kihaya kimechanganyika na Kiswahili: mzima, kazi nzuri, mkweo hajambo, bahari nzuri sana, mama, kila Jumamosi tunakwenda kuogelea. Alipokata simu aliniona nimemtazama. "Yuko mbali," akasema. "Umbali wote huo mtu asafirishe huzuni?"

Kilichomsumbua kuliko maumivu ni vidonge. Alimeza steroidi kila asubuhi, na hizo pia alinieleza. Ni ndugu wa homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwenye tezi zilizoko juu ya figo. Inapita utando wa seli, inashikana na kipokezi chake, wanaingia pamoja kwenye kiini na kuzilaza zile jeni zilizoamshwa. "Ni mgeni anayefanya kazi niliyoshindwa kuifanya mwenyewe," akasema. Lakini mgeni ana gharama. Uso wake ulijaa ukawa mviringo, shingo ikanenepa nyuma, mashavu membamba niliyoyakuta mwanzo yakapotea. Aliondoa kioo chumbani, akakiweka bafuni, juu, mahali ambapo lazima anyooshe shingo ajione. Alikwepa kila picha. Sherehe ya walimu ikifanyika yeye ndiye aliyeshika kamera.

Na alijua hatari ya kuviacha ghafla. Aliwafundisha watoto: tezi ikiona homoni inaletwa kutoka nje kila siku, inalala usingizi. Ukikatisha ya nje siku moja, ya ndani haiamki, na bila homoni ile presha inaanguka, mtu anaweza kufa. Punguza polepole, tena kwa daktari. Nilimsikia akilisema hilo kwa sauti ya kusisitiza, anagonga meza.

Kisha mimi nikapata uhamisho, nikapelekwa Newala. Siku ya kufunga mizigo alisimama mlangoni kwake na beseni mikononi, tupu. Tukaagana kwa macho.

Kwa mwaka na kitu tulipigiana simu, mwanzo mara kwa mara, baadaye mara chache. Aliniambia nyumba yangu amepewa mwalimu wa michezo mwenye redio kubwa. Aliniambia makamu amekuwa mkuu. Hakuniambia lolote jingine. Kisha asubuhi moja mwalimu mwenzetu akanipigia: Madam Baiolojia ameanguka darasani, yuko hospitali, na hapa hatujui ndugu yake wa kumpigia, simu yake imefungwa kwa namba ya siri.

Nitangulize mwisho ili msomaji asihangaike. Hakufa. Alitoka hospitali ile, kaka yake akaja kumchukua, na sasa yuko Bukoba kwa mama yake, amestaafu kwa ugonjwa. Nikipiga simu hupokea mpwa, na mara nyingi huniambia shangazi amelala. Sijui kama kweli amelala. Mara moja alipokea mwenyewe, akaniambia mvua inanyesha huko karibu kila siku na mawingu ni mengi, akasema kama mtu anayesimulia utajiri. Lakini kumwona kwa macho, mara ya mwisho ni siku ile niliyoteremka kutoka Newala.

Nilimkuta wodini, kitanda cha mwisho, ukutani. Dripu mkononi, miguu imevimba, ngozi ya usoni imefifia. Kwenye mto ilikuwepo rozari yake. Wagonjwa wengine walizungukwa na watu, mikeka, mabakuli, watoto wa kubembelezwa. Pembeni mwa kitanda chake kulikuwa na stuli tupu. Mtu wa jirani alikuwa ameazima nafasi yake kuweka chupa ya chai.

Aliponiona hakushangaa. "Newala baridi?" akauliza.

"Baridi."

Nikaihamisha chupa, nikakaa. Daktari alikuwa ameshanieleza kwenye korido: ameacha vidonge kwa ghafla, presha ikaanguka, na figo nazo zimewaka. Nikamtazama, hasira ikanipanda.

"Ulijua, dada. Umewafundisha watoto mbele yangu."

"Nilijua."

"Sasa?"

"Binti wa kaka yangu ameolewa," akasema. "Kwetu, Bukoba. Mama hajaniona tangu uso huu uje. Nikasema nitakwenda na sura yangu, ile aliyonizaa nayo, hata kwa siku moja. Nikawa napunguza vidonge kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Siku zikawa zinakwisha na mashavu bado yapo. Nikaacha vyote."

"Na harusi?"

"Ilipita nikiwa hapa. Wamenitumia picha." Akageuza kichwa upande wa ukuta. "Mama amevaa gauni la bluu."

Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka vidole vyake, nikashika ukingo wa shuka.

Muuguzi akaja, msichana mwenye haraka, na trei ya sindano, nikamsalimia. Akamtazama Madam, akanitazama mimi, akaona mtu kwenye stuli ile kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa?"

Nikafungua mdomo niseme ni jirani, au nilikuwa jirani, au tulifundisha pamoja. Madam akanitangulia.

"Ni dada yangu."

Muuguzi akanitazama tena. Nilikuwa nimevaa baibui, na lafudhi ya Kimakonde niliyomsalimia nayo haijifichi. Mgonjwa wake jina lake lilikuwa la Kihaya, na rozari imelala kwenye mto. "Dada wa ukoo?" akauliza. "Au dada wa tumbo moja?"

"Tumbo moja," akasema Madam, kwa ile sauti ya kufundishia, isiyoulizwa mara ya pili.

Muuguzi akashusha pumzi, akachomeka sindano kwenye mpira wa dripu. "Basi dada mtu," akaniambia, bila kugeuka, "mgonjwa wako hajala tangu jana. Uji wa hospitali haumpandi. Nguo zake chafu zimo chini ya kitanda, kuna bomba kule nyuma. Daktari atataka kukuona saa nane."

Nikainama, nikavuta mfuko wa nguo kutoka chini ya kitanda. Madam alifumba macho. Hakusema niache, na hakusema atazifua mwenyewe. Nikauchukua mfuko, nikatoka kwenda kutafuta uji kwanza.